Mzee Aliyeiuzia Fez Sikukuu Zake

Ukitaka kujua watu wa Fez, kule Moroko, wanajiandaa kusherehekea nini, huna haja ya kupanda ndege. Panda ngazi za jengo letu hapa Sanyuanli, mjini Guangzhou, Uchina, mpaka ghorofa ya tatu, geuka kushoto, halafu tega sikio. Ukisikia mtu anagonga kingoma, ananyamaza, anagonga tena, ujue Ashura iko njiani. Ukisikia vioo vinagongana, hizo ni taa za Maulidi. Ukikuta korido nzima imejaa viatu vya watoto vyenye nyota za dhahabu, hiyo ni Idi. Na katikati ya vurugu yote utamkuta mzee mmoja mwenye kofia nyekundu na miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, anamwambia Mchina kwa upole kabisa kwamba hapana, hii siyo ile tuliyokubaliana.

Sisi Watanzania na Wakongo wa jengo hili tunamwita Mzee wa Sikukuu. Amezaliwa mwaka gani sijui, ukoo wake sijui, na sikuwahi kuuliza. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Nilianza kwa kutembeza soksi begani pale Kahama, na leo nina ofisi ya kago Guangzhou yenye madirisha mawili yanayotazama barabara, na makontena ninayopakia yanatoka bandari ya Nansha kila wiki. Hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Kwa hiyo na mimi mtu simwombi cheti, namtazama anavyofanya kazi yake. Na nasema bila kuficha: nimefanya biashara na watu wa kila rangi, lakini mtu aliyenifanya nikae kwenye kiti cha plastiki mdomo wazi kama mtoto anayesimuliwa hadithi ni huyu.

Kiswahili alikiokota kwetu. Kifaransa alikuwa nacho, akakitumia kwa Maman, mama wa Lubumbashi anayeuza simu mlango wa pili na mimi, na Maman akawa anamvusha kuja upande wetu neno moja moja. Alikuwa anakimbia sana, kwa sababu maneno mengi aliyakuta anayajua. Kila akikutana na moja anasimama. Sukari, sanduku, sahani, wakati.

"Haya ni ya kwetu," alituambia. "Mliazima. Mtarudisha lini?"

Nikamwambia tumeshayavalisha kanga, hayawezi kurudi. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani. Tangu hapo tukawa watu.

Mimi akanipa jina la Bwana Mkubwa. Siku ya kwanza kukutana nilikuwa nimemweleza, kama ilivyo haki yangu, kwamba mimi ndiye ninayevalisha jinzi Kanda ya Ziwa nzima. Alinitazama sana, akauliza hilo ziwa lina ukubwa gani. Nikamwambia kuna nchi ambazo ukizichukua zitazama mle ndani zipotee. "Basi wewe ni Bwana Mkubwa," akasema, na hakuniita kingine mpaka leo. Maman anasema ni dhihaka. Mimi nasema ni cheo.

Sasa hebu niwaambie kuhusu mji wake, kama alivyonisimulia, maana nikianza hii habari moyo unanienda mbio. Mimi ni Mkristo, kwetu mwaka una Krismasi na Pasaka, baada ya hapo ni kazi tu. Fez hawana subira hiyo. Majira ya maua, machungwa yanapochanua, watu wananunua maua kwa magunia, wanayachemsha majumbani kwenye mitungi ya shaba mpaka yatoe maji ya marashi, na kwa siku kadhaa vichochoro vyote vinanukia, hata kichochoro cha wachuna ngozi ambacho siku nyingine unapita umeziba pua. Yeye hapo anapeleka mirashi, ile ya shingo ndefu ya kunyunyizia wageni. Kuna siku ya walii wa mji, ambapo mafundi wanatoka kwa vikundi, waseremala kivyao, washona viatu kivyao, wanatembea na mishumaa mikubwa ya rangi, na tarumbeta, na ng'ombe aliyepambwa kuliko bibi harusi. Kuna siku za muziki ambapo waimbaji wanatoka nchi za mbali kuja kuimba kwenye nyua za majumba ya kale, na zile taa ndogo zilizoning'inizwa juu yao zimepita mikononi mwake hapa Sanyuanli. Ramadhani kuna mtu anapanda mnara na baragumu kuwaamsha watu wale daku.

Nilimuuliza, "Mzee, sasa nyie mnafanya kazi saa ngapi?"

"Hiyo ndiyo kazi," akasema. "Nyie mnadhani mji unajipamba wenyewe?"

Lakini kubwa kwake, ile inayomtoa jasho, ni Ashura. Siku hiyo Fez ni ya watoto na wanawake. Kila mtoto lazima apate kingoma cha mkononi, kidogo, kiuno chembamba, wao wanakiita taarija, na wanawake nao wanachukua vya kwao, wanakaa uani wanapiga na kuimba, wanawasema waume zao hadharani na hakuna wa kukasirika. Kesho yake asubuhi watu wanamwagiana maji njiani, hujali nguo wala cheo. "Siku ile," alisema, "mwanamke ndiye serikali." Maman akauliza kama nafasi za kuhamia zipo.

Shida ya biashara yake ni kwamba sikukuu zao zinafuata mwezi, kila mwaka zinasogea. Mimi nina programu ya kalenda kwenye simu ya bei mbaya. Yeye ana kalenda ya ukutani aliyopewa bure na mwenye kiwanda, ile ya Kichina ambayo chini ya tarehe kubwa kuna viandiko vidogo vya siku za mwezi wa angani. Kichina hasomi, lakini vile viandiko vichache alivikariri kama mtu anavyokariri sura za wajukuu. Mwezi wa Wachina unaanza siku mwezi umefichika kabisa, wa kwao unaanza ukionekana, kwa hiyo Wachina wakifika siku ya pili au ya tatu, yeye anajua kule Fez watu wameinua shingo juu. Akanieleza tofauti: Wachina kila baada ya miaka kadhaa wanaongeza mwezi mzima ili mwaka wao usipotee njia. "Mwezi wao umefungwa kamba mguuni," akasema. "Wetu unazurura." Na alisema kwa majivuno, kama mtu anayesifia mtoto mtukutu.

Alikuwa na mambo yasiyopatana hata kidogo. Mtu anauza ngoma, tarumbeta na kengele, lakini kelele haziwezi. Tukienda kula wali na kuku wa mchuzi kwa Mkongo mmoja hapa jirani, jambo la kwanza anaomba runinga ipunguzwe. Kwenye treni ya chini ya ardhi anaweka pamba masikioni. Chai ya Wachina anaiita maji ya kuoshea birika, ila kila mwenye kiwanda akimmiminia anakunywa vikombe vyote na kushukuru, halafu akirudi anajichemshia ya kwake yenye majani ya nanaa anayoyaotesha kwenye kopo la rangi dirishani, na sukari ya kusimamisha kijiko. Tulimwalika Krismasi yetu, ukumbi wa kukodi, kwaya ya Kiswahili na Kilingala. Akasema hapana, yeye si wa mambo hayo. Kisha tukamwona nyuma kabisa, amekaa na kofia yake. Kwaya ilipopumzika akaenda kwa mpiga ngoma, akamnong'oneza kwamba ngozi yake imelegea upande wa kushoto. Ilikuwa kweli. Ikakazwa, na kipindi cha pili watu waliruka mpaka mwenye ukumbi akaja kuangalia nguzo.

Hilo sikio lake nisipolieleza nitakuwa sijaeleza kitu. Ngoma anaisogeza karibu na shavu, anagonga kwa kidole cha pete, basi. "Hii inakohoa." Pembeni. "Hii ina njaa." Pembeni. Na hapa kuna siri ambayo wafanyabiashara wengine waliomwiga hawakuijua, wakapeleka mizigo ikarudi imepasuka. Guangzhou mwezi wa sita ni mvua na mvuke, ukuta unatoa jasho, shati ukianika leo unalivaa keshokutwa bado bichi. Ngozi ya mbuzi hapa inalainika. Fez ni kukavu. Ngoma inayolia vizuri hapa, ikifika kule inajikaza mpaka inachanika. Kwa hiyo yeye hapa anachagua ile yenye sauti ya kusinzia, ili kule iamke. "Isinzie," anasema, "isilale." Kati ya kusinzia na kulala ndipo palikuwa na maisha yake yote.

Na ndipo palipomfunga. Wakati fulani aliwahi kumwachia mtu mwingine ukaguzi, na siku ya Ashura watoto wa mtaa wake wakajipanga mlangoni kwake wamebeba ngoma zilizochanika, wanalia. Mke wake ndiye aliyewafungulia. Kuanzia mwaka ule hakuondoka tena Guangzhou kabla ya boksi la mwisho, na boksi la mwisho la Ashura likitoka, taa za Maulidi zinabisha hodi. Miaka ikapita hivyo. Mtu aliyeupamba mji mzima, sikukuu yenyewe akawa anaisikia kwenye simu.

Mke wake alikuwa akipiga, mzee anaweka sauti ya nje kwa sababu hapendi simu sikioni, na yule mama huwa anachanganya Kiarabu na Kifaransa, kwa hiyo Maman alikuwa anatutafsiria bila kuombwa.

"Anasema kila mwaka anapokea maboksi," Maman alituambia safari moja. "Anauliza ile boksi yenye mume ndani itafika lini."

Mzee alikuwa anajibu hivyo hivyo kila mara: mwaka huu nakuja. Sisi tukawa tunatania. Lakini mwaka jana simu ilikuwa fupi, na Maman hakutafsiri mpaka ilipokatwa. Akatuambia yule mama amesema vidole vyake vimeanza kukakamaa. Ashura hii bado anaweza kupiga ngoma. Ijayo hajui.

Mzee alikwenda kukata tiketi siku ileile.

Ngoma nyingi zilikuwa zimeshapita Nansha, ziko baharini. Zilibaki zile za mtaa wake mwenyewe, alizozikataa kiwandani kwa sababu ngozi zilikuwa mbovu, zinavalishwa upya, zitakwenda kwa ndege kutoka Baiyun. Siku ya safari yake ikakaribia, kiwanda kikasema mingtian, yaani kesho, na kesho yake kikasema mingtian. Nikamwona mzee ameshika tiketi mkononi anaiangalia kama barua ya msiba. Nikajua anataka kuahirisha.

Nikamwambia, "Mzee, nenda. Nitazikagua mimi."

"Wewe unakagua jinzi."

"Mimi zipu mbovu naisikia nikiwa nimefumba macho. Ngoma itanishinda nini?"

Akanigeuza uso ukutani kama mtoto aliyekosea shule, akaanza kugonga. Chukua, nikasema. Kataa. Kataa. Chukua. Alipomaliza akawa anafuta miwani.

"Papa, kama amefaulu, useme amefaulu," Maman akasema.

"Hajafaulu," mzee akajibu. "Hajafeli."

Kwa mtu kama yeye hiyo ni shahada. Tulimsindikiza Baiyun mimi na Maman. Kwenye lango la ukaguzi akageuka, akaanza kurudi, anasema bora asubiri ndege ya wiki ijayo. Maman ni mtu wa mwili. Akasimama mbele yake na mkoba wake, akamwambia kwa Kiswahili cha kwao, "Papa, miye nitakukanyaga. Bibi anakungoja." Mzee akanitazama kwa juu ya bega lake, akarudia somo: isinzie, isilale. Akapotelea ndani.

Ngoma zilipokuwa tayari nilikwenda kiwandani mwenyewe, sikumtuma mtu. Mwenye kiwanda, laoban, ni mama mmoja mwenye sauti ya filimbi, na anajua kumpokea mtu mzito. Hakunikalisha stoo kwenye joto. Alinipeleka chumba cha sampuli, kochi la ngozi, chai, kiyoyozi kinapuliza mpaka nikafunga kola. Nilikaa mle mchana kutwa. Iliyolia kwa ukali niliikataa, wakailegeza, nikagonga tena mpaka ikasinzia vizuri. Laoban akaniambia mimi ni mgumu kuliko mzee. Nikamwambia asante. Kidole cha pete kilivimba, lakini ngoma zilipanda ndege zikawahi, na nilitembea Sanyuanli nimepanua kifua kama mtu aliyefunga goli la ugenini.

Siku za Ashura zikapita. Hakupiga simu. Nikajiambia anakula raha.

Alirudi wiki kadhaa baadaye, mchana, mvua inanyesha. Akaja moja kwa moja ofisini kwangu, akaweka mezani boksi la vitafunwa vya lozi, akakaa. Maman alipomwona akaacha wateja wake akaja kusimama mlangoni.

"Bwana Mkubwa," akasema, "zile ngoma ulizikagua umekaa wapi?"

"Kiwandani."

"Kiwandani wapi?"

Nikamwambia chumba cha sampuli.

"Kuna kiyoyozi?"

"Mzee, mtu kama mimi laoban atamkalisha wapi? Juani?"

Alifumba macho. Akanieleza taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinitisha. Kiyoyozi kinakausha hewa. Mle ndani ngozi zilikuwa zimeshaamka, ziko kama zitakavyokuwa Fez. Zilizolia kwa ukali ndizo zilikuwa nzima. Mimi nikazilegeza nzima zote, nikapeleka zilizolala. Mtaa wake ulipiga ngoma ambazo hazilii. Watoto wa mtaa wa jirani walipita wanacheka, wanauliza kama nyie mwaka huu mnapiga mito.

Nilimwambia huenda zililowa ndani ya ndege. Mpaka leo hilo sijalifuta kabisa. Lakini moyoni nilikuwa naona mzee wangu anaondoka kwangu na mizigo yake, na mizigo ni kitu kidogo, heshima ndiyo ilikuwa inauma. Mtu anangoja miaka yote kuiona sikukuu yake, halafu mimi namharibia.

Maman akamuuliza kile ambacho mimi sikuthubutu. "Na Bibi? Alipiga?"

Mzee akachukua kitafunwa kimoja, hakukila.

Akasimulia kwamba alasiri ile alikuwa ametoka kwenda kuona watoto, kichwa kinamuuma kwa aibu ya zile ngoma. Wakati anarudi, kwenye kona ya kichochoro, akasikia mwanamke anaimba. Miaka yote aliyowahi kuwapo nyumbani, zamani, ngoma za wanawake zilikuwa zinalia kwa nguvu, sauti ya mtu mmoja haitoki, unasikia tu mvumo wa ua mzima. Siku hiyo ngoma zilikuwa chini, zinapiga kama mtu anayekanda unga chumba cha pili. Sauti ikapita juu ya ngoma. Akasimama. Mwimbaji alikuwa anamsema mume wake: kwamba kwake ni Uchina, amewaoa Wachina wote, kwamba leo atalala kwenye boksi. Wanawake wanacheka, yeye anaendelea.

"Nilikuwa sijui kama anaimba vile," mzee akasema. "Nilikaa na mtu miaka yote."

Alisimama mlangoni kwake mwenyewe mpaka wimbo ukaisha, hakugonga. Alipoingia akamkuta amekaa katikati, ameshika moja ya zile ngoma mbovu, anaipiga kwa kiganja kizima kwa sababu vidole havikunjiki. Mzee, kwa mazoea, akanyoosha mkono aichukue, aisikilize, aone kasoro iko wapi. Mke wake akaivuta kwapani.

"Akaniambia, usiguse. Hapa siyo kiwandani."

Maman alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilicheka pia, kisha nikaona mzee hacheki, anatabasamu tu, anatazama mvua kwenye dirisha langu la pili.

Kesho yake walimmwagia maji, akasema. Mke wake ndiye aliyeanza, ndoo nzima, kutoka juu.

Akafuta vidole kwa leso, akatoa mfukoni tiketi ya mwaka huu, imeshalipwa, akaiweka mezani nisome tarehe. Akaniambia nitenge boksi moja la ngoma kwa ajili ya nyumba yake, nizikague vilevile, kwenye kochi lilelile, na chai. Nikauliza zile nyingine za mji mzima atakagua nani.

"Wewe, Bwana Mkubwa," akasema, anavaa kofia. "Ila hizo ufungue dirisha. Mimi nitakuwa nyumbani."